Kuongeza Taa na Soketi Nyumbani

Wengi wetu hutaka kuongeza taa barazani au soketi jikoni. Taa haina taabu. Balbu ya wati 10 huvuta umeme kidogo mno. Bali soketi ya jikoni isiungwe katika waya wa taa. Kwetu Pemba, sawasawa na kwa jamaa zetu walioko Mpanda, umeme ni volti 230. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, hali fyuzi ya taa kwa desturi ni ampea 5 tu. Fyuzi ikiungua, wako watiao kipande cha waya mnene (hata mimi nimewahi). Hapo hapana tena cha kukatika. Waya hupata moto ukutani, nyuma ya magunia ya karafuu. Soketi ivutiwe waya wake mnene kutoka sanduku la fyuzi, pamoja na waya wa ardhi, na fundi mwenye leseni, swichi kuu ikiwa imezimwa.