Kwa Nini Udongo wa Mfinyanzi Huendelea Kusogea Baada ya Ujenzi Kukamilika

Reli ya Kisasa (SGR) kipande cha Mwanza–Isaka chenye urefu wa kilomita 341, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 14, 2021 wilayani Misungwi, inapita katika ardhi ya aina mbili. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna miamba migumu. Kuelekea Shinyanga kuna mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi, maarufu kwa jina la mbuga.

Kitaalamu, chembe za udongo huo ni ndogo mno na hushikilia maji kwa muda mrefu. Tuta zito linapojengwa juu yake, mzigo hubebwa kwanza na maji hayo. Maji hutoka polepole, hivyo ardhi huweza kutitia kwa miezi au miaka. Aidha, udongo wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Hali hiyo huonekana pia kwenye mahandaki. Handaki lililochimbwa katika mfinyanzi laini likiruhusu maji kupenya, hugeuka kuwa mfereji: udongo unaolizunguka hupoteza maji, husinyaa na ardhi ya juu hushuka. Jijini Shanghai, China, baadhi ya sehemu za njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kazi mwaka 1993, zimeshuka kwa zaidi ya sentimita 20.

Ili kudhibiti hali hiyo, wahandisi huondoa udongo dhaifu na kujaza kifusi imara, au huuwekea mzigo wa muda ili maji yatoke kabla ya ujenzi. Baada ya hapo hupima mwenendo wa ardhi mara kwa mara, kwa kuwa mtitio wa milimita chache usioonekana kwa macho unaweza kupindisha reli.

Wananchi wanaoishi jirani na miundombinu hiyo wana wajibu wa kutong’oa alama za vipimo, kutoziba makalavati na kutochimba udongo wa matofali kando ya tuta. Maji yanayotuama huloanisha mfinyanzi na kuudhoofisha. Anayeona ufa mpya au tuta lililobonyea anapaswa kutoa taarifa mapema kwa uongozi wa mtaa au kijiji, kabla ufa huo haujahatarisha maisha ya abiria.