Mama mwenye haraka: hatua za kupika unazoweza kufupisha, na zile ambazo hazifupishwi

Mama anayevuka mpaka wa Rusizi II asubuhi na bidhaa zake, kisha akarudi jua linapozama, huanza kupika wakati watoto wameshaanza kusinzia. Makaa ni ghali na muda ni mdogo. Ndiyo maana wengi hutafuta njia ya mkato jikoni. Njia nyingine za mkato ni nzuri: zinaokoa makaa na hazina madhara. Nyingine huleta ugonjwa usiopona. Habari hii inaeleza tofauti yake, kwa vyakula tunavyopika kila siku pande zote mbili za daraja.

Kwa nini upike mwenyewe

Katika kituo cha muda cha Nyarushishi, hapa wilaya ya Rusizi, chakula hupikwa kwa pamoja. Ukishahamia kambini au ukapanga chumba mjini, jiko ni lako na bajeti ni yako. Katika kambi za Rwanda msaada wa chakula kwa sehemu kubwa hutolewa kwa pesa, na pesa hiyo huisha upesi ukinunua mandazi asubuhi na sahani ya maharage yaliyoiva jioni. Maharage makavu, unga, mboga za majani na sambaza hulisha watu wengi zaidi kwa pesa ileile.

Jambo la kufurahisha ni kwamba jirani yako anapika vyakula hivihivi. Sombe ya Bukavu ndiyo isombe ya Kamembe, bugali ni ubugali, na lengalenga huku huitwa dodo. Usipojua pa kupata kitu sokoni, muulize mama wa jirani.

Maharage: okoa makaa usiku

Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo aliyezoea kupika Uvira, kule chini kando ya Tanganyika, ataona maharage ya hapa yanachelewa kuiva. Si kosa lake wala si kosa la maharage.

Njia nzuri ya kufupisha ni hii:

1. Jioni chambua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi hadi kesho yake. Saa 12 zinatosha.
2. Mwaga maji hayo, weka mengine safi.
3. Yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi, sufuria ikiwa imefunikwa.
4. Yakiwa bado yanatokota, ondoa sufuria motoni, ifunge kwa blanketi nene au iweke ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba. Joto lililomo litaendelea kuyapika kwa saa kadhaa bila makaa.
5. Yarudishe motoni yachemke tena. Yakishalainika, ndipo utie nyanya na chumvi. Nyanya ikitangulia, ukali wake hufanya maharage yachelewe kulainika.

Hatua ya tatu haifupishwi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Sumu hiyo huondolewa na mchemko wa nguvu. Joto la polepole peke yake haliiondoi. Ukiyafunga kwenye blanketi kabla hayajachemka vizuri, unaweza kuwadhuru watoto.

Wapo wanaotia magadi ili yaive haraka. Ni kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini B1 iliyomo. Kuloweka hufanya kazi hiyo bila hasara.

Muhogo: siku tatu si za bure

Hapa ndipo haraka imeumiza watu wengi zaidi. Muhogo mchungu una sumu ambayo huondoka kwa kuloweka hadi uvunde, kisha kuanika. Mababu waliuacha majini kama siku tatu, hadi ukawa laini wa kumegeka mkononi.

Katika miaka ya 1980, huko Bandundu, magharibi ya Kongo, barabara iliboreshwa na muhogo ukaanza kuuzwa kwa wingi Kinshasa. Ili kuwahi soko, familia zikaanza kuloweka kwa usiku mmoja tu. Watafiti walipochunguza waliona kwamba vijiji vilivyofupisha ndivyo vilivyopata konzo. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla. Hupata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hauponi. Hutokea pia wakati wa vita na ukame, watu wanapokula muhogo kwa haraka na bila kitoweo.

Ukiloweka mwenyewe, usipunguze siku. Lakini unga wa sokoni hujui ulilowekwa siku ngapi. Ipo njia rahisi ya kuupunguzia sumu, ambayo imetumika katika vijiji vya Kongo vilivyokuwa na konzo:

1. Weka unga mkavu kwenye beseni, utie alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika.
2. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea kutia maji kidogo kidogo hadi urudi kwenye alama.
3. Utandaze juu ya mkeka safi au turubai, uwe mwembamba, unene wa sentimita moja hivi.
4. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu itatoka na kwenda hewani.
5. Songa bugali siku hiyohiyo. Unga huu uliolowa haukai.

Kama unaondoka alfajiri, mtoto mkubwa au jirani anaweza kuutandaza mchana. Kisha usiule bugali peke yake: maharage na samaki huupa mwili kinachosaidia kuishinda sumu iliyobaki.

Sombe, lengalenga na sambaza

Majani ya muhogo nayo yana sumu. Kutwanga huifungua, na kuchemsha huitoa. Unaweza kununua sombe iliyokwisha kutwangwa na kuokoa saa nzima kwenye kinu. Hiyo ni njia ya mkato isiyo na ubaya. Lakini sombe hiyo bado ni mbichi. Ichemshe muda mrefu, na mwanzoni usifunike sufuria, ili sumu itoke na mvuke.

Siku ambayo huna muda wa sombe, pika lengalenga. Ioshe kabla ya kuikata, uipike dakika chache tu, kwani ikikaa sana motoni hupoteza vitamini. Tia mafuta kidogo, maana mwili huhitaji mafuta ili kupokea vitamini A ya mboga. Mawese mekundu yana vitamini A yake yenyewe. Usiyachome hadi yageuke meupe, rangi ikiondoka na faida yake imeondoka.

Sambaza zililetwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndicho kitoweo kinachopatikana kirahisi hapa. Huliwa nzima na mifupa yake, ambayo ni nzuri kwa mifupa ya mtoto. Zile mbichi zipike siku ulizonunua. Zilizokaushwa zinaweza kusagwa kuwa unga wa kutia kwenye uji.

Uji wa mtoto

Mtoto hunyonya maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Kuanzia hapo aanze chakula mara 2 au 3 kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Uji uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kushibisha mwili. Utie unga wa sambaza, karanga zilizosagwa au maharage yaliyopondwa. Ukitengeneza mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, unaojulikana Rwanda kama sosoma, kaanga soya kwanza kabla ya kusaga, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kutumia chakula. Karanga au mahindi yenye ukungu tupa. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu.

Kabla ya kulala

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuliwa wala kuwekwa mahali penye baridi. Kama huna friji, pika kinachotosha jioni ile. Kinachobaki kisipewe mtoto mdogo, na anayekila akichemshe kwanza hadi kitokote.

Usiingize mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Lini uende kituo cha afya

Nenda mara moja ikiwa baada ya kula mtu anatapika, ana kizunguzungu na maumivu ya kichwa au tumbo. Ikiwa mtoto au mama ameanza ghafla kushindwa kutembea vizuri. Au ikiwa mtoto anakonda au miguu yake inavimba. Unaweza pia kumwona mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umujyanama w'ubuzima. Yeye hupima mkono wa mtoto kwa utepe na kukuelekeza pa kwenda.