Mwani Si Dawa ya Kitambi, Ni Chakula

Siku hizi unga wa mwani unanadiwa mitandaoni kuwa unayeyusha kitambi. Wenye hamu ya kupungua wananunua bila kuuliza. Yaliyoonekana kwa wanyama yanatia moyo, lakini hayasemi hivyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya panya waliolishwa mlo wa mafuta na sukari nyingi kwa wiki 16. Panya walinenepa, presha ikapanda, maini yakajaa mafuta. Kundi jingine lilikula mlo huohuo, ila baada ya wiki ya nane ukatiwa unga wa mwani, asilimia 5. Uzito na mafuta ya tumboni vikapungua, presha ikashuka, ini na moyo vikapata nafuu. Mwani wenyewe ulikuwa kotoni, aina ileile inayolimwa Zanzibar, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosi, na ambayo hufa upesi maji ya bahari yakipata joto.

Huenda siri iko kwenye nyuzinyuzi zake. Aliyewahi kuchemsha mwani anazifahamu: ukishausuuza chumvi na kuuinjika, maji huwa mlenda mzito; ukipoa, unaganda. Tumboni pia nyuzinyuzi laini za namna hii hushika maji, hivyo sukari na mafuta hufyonzwa polepole. Nyingine hunasa nyongo ikatoka na choo, na ini huchukua kolesteroli ya damu ili kutengeneza nyongo mpya.

Zisizosagika hufika utumbo mpana, na huko bakteria ndio wanaozila. Kwa wale panya, hata uwiano wa bakteria wa tumboni ulibadilika. Ushahidi mwingine ni kondoo wa kisiwa cha North Ronaldsay, Scotland. Ukuta wa mawe uliojengwa mwaka 1832 huwazuia wasiingie mashambani, nao hula mwani wa ufukweni sehemu kubwa ya mwaka. Wanaishi kwa sababu vijidudu vya matumbo yao vimezoea kuuvunja.

Hata hivyo, panya si binadamu. Mwani pia una madini joto, na kiasi chake hutofautiana. Mwenye maradhi ya tezi ya shingo amwone daktari kwanza. Anayeunadi kama dawa anawadanganya wagonjwa.

Tangu kilimo cha mwani kianze Unguja mwaka 1989, wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiingia majini kila bamvua, kufunga mbegu kwa vikamba vya taitai na kuvuna. Sehemu kubwa ya jasho lao hukaushwa na kusafirishwa ghafi. Vyuo na taasisi zetu za bahari, mifugo na lishe zikae pamoja: zipime mwani kwenye chakula cha mbuzi na kuku, kisha kwenye sahani zetu, na majibu yawafikie kwanza hao wanaoulima.