Aliyekutuma Ni Nani?

Kitenzi kutuma kimezaa watoto wenye hatima tofauti kabisa. Mtumwa ni wa tumbo hilo, mtume ni wa tumbo hilohilo, na mtumishi ni ndugu yao. Wote watatu wanaamka asubuhi na kwenda kwenye kazi waliyoagizwa na mwingine. Hata hivyo mmoja tunamwonea huruma na mwingine tunamheshimu, na si ugumu wa kazi unaowatenganisha, kwani mitume wa Kanisa la kwanza walichapwa viboko na kufungwa minyororo kama mtumwa yeyote. Kinachowatenganisha ni aliyewatuma, na jinsi anavyowahesabu. Paulo, alipoufungua waraka wake kwa Warumi, alijiita yote mawili papo hapo: mtumwa wa Kristo, na mtu aliyeitwa awe mtume. Ninaamini kwamba jibu la Ukristo kwa swali la kusudi la maisha limo humo. Imani hii haianzi kwa kumwambia mtu afanye nini na siku zake. Inaanza kwa kumwambia yeye ni wa nani, ndipo inamtuma. Na mpangilio huo ukigeuzwa, kinachobaki ni mzigo mwingine tu wenye jina la Mungu.

Nasema hivyo kwa sababu neno kusudi lina soko kubwa makanisani siku hizi. Yapo makongamano ya kusudi, mikesha ya kusudi, vitabu na mahubiri ya redioni, na mengi yanamfundisha msikilizaji kwamba kusudi ni hazina iliyofukiwa ndani yake: akiichimba vizuri itatokea kama gari, nyumba, biashara au cheo. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti mwaka wa tatu sasa anayasikia hayo na kujihukumu. Huenda imani yake ni haba, huenda Mungu alimpangia jambo akalipita njiani. Anachofundishwa, kama tukisema kweli, ni kwamba asiyefaa kitu sokoni hana kusudi mbele za Mungu. Historia ya pwani yetu inaikanusha hesabu hiyo. Mtumwa wa shamba la karafuu Unguja alikuwa na kazi kila siku ya maisha yake. Alifaa, na kufaa kwake kulipimwa kwa fedha, hadharani. Kama kufaa ndiko kusudi, basi hapakuwa na mtu mwenye kusudi lililo wazi kuliko yeye, na hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hilo.

Mahali alipopimiwa bei palikuwa Mkunazini, soko la watumwa la mjini Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini, ingawa utumwa wenyewe ulidumu kisheria visiwani hadi 1897. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana juu ya uwanja wa soko lile. Edward Steere, aliyelisimamia jengo hilo na kuwa askofu, ndiye pia aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Miongoni mwa watoto waliokombolewa na kulelewa na misheni iliyolijenga kanisa hilo, iliyojulikana kama UMCA, alikuwemo Myao aliyeitwa Cecil Majaliwa. Alisoma Kiungani, kisha Canterbury nchini Uingereza. Mwaka 1886 akatumwa Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kwa Wayao wenzake, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa ukasisi. Hata jina lake linastahili kutazamwa kidogo: majaliwa ni yale ambayo mtu amejaliwa na Mungu, na kitu cha kujaliwa hakina bei. Mtoto aliyewahi kuwa bidhaa alirudi kusini akiwa na ujumbe wa kuwapelekea watu wa kabila lake, na safari hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba alipata kazi nzuri zaidi.

Mpangilio huo ninaouzungumzia umo katika waraka mfupi kuliko zote za Paulo, ule kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake, alikutana na Paulo kifungoni. Jina Onesimo kwa Kiyunani maana yake ni mwenye kufaa, jina la kawaida kwa watumwa, kama mtu anavyoweza kumwita punda wake jina la kumsifia kazi. Paulo analichezea jina hilo: zamani hakukufaa, anamwambia Filemoni, lakini sasa anatufaa wewe na mimi. Ila msomaji asiupite mstari ulio kabla ya huo. Humo Paulo anamwita Onesimo mwanawe, aliyemzaa akiwa katika vifungo. Uana umetangulia, kufaa kumefuata. Na mwishoni anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, tena zaidi ya mtumwa. Injili ya Marko inafuata njia hiyohiyo pale Yordani: sauti inamtangaza Yesu kuwa Mwana apendwaye kabla hajaponya mgonjwa hata mmoja wala kuhubiri neno. Anayefanya kazi ili apendwe atafanya kazi kwa hofu, na siku nguvu zikiisha, thamani yake inakwisha nazo. Aliyekwisha kupendwa anaweza kufanya kazi hata isiyoonekana, na anaweza hata kushindwa, asipotee.

Kuna pingamizi la haki hapa, na wasomaji wengi watakuwa wameshalifikiria. Je, wamisionari hawakuwa mabwana wapya? Katika vijiji vya watumwa waliokombolewa, Bagamoyo kwa mapadri wa Roho Mtakatifu tangu 1868 na Freretown ya Mombasa kwa Waanglikana wa misheni ya CMS tangu 1875, maisha yalipangwa kwa kengele na kanuni kali, na Mzungu ndiye aliyeamua mengi juu ya kazi ya mtu na mwenendo wake. Ni kweli, na kuificha kweli hiyo hakuisaidii imani. Lakini kama imani ingekuwa kamba ya kumfunga mtu kwa bwana mpya tu, tungetarajia waliokombolewa waishie kwenye utii. Mtazame William Jones. Naye alikuwa Myao, aliuzwa, akakombolewa, akalelewa India, na katika miaka ya 1860 akaja kwenye kituo cha misheni cha Rabai kufanya kazi ya uinjilisti. Alipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, akaongozana naye bara; askofu alipouawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliobaki. Rabai hiyo, chini ya uangalizi wake, ilikuwa imejaa watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Kanuni za misheni zilikataza kuwahifadhi. Wenye watumwa walitishia kuja kuwachukua kwa nguvu. Ugomvi ulipokua, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza utawala wake pwani ililazimika kuwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati zao za uhuru. Jones hakuagizwa na wakubwa wake kuwapokea watu hao. Alikuwa amemsikia anayetuma aliye juu ya misheni. Huo ndio ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine wowote katika habari hii: wito wa kweli unampa mtu mahali pa kusimama hata anapotofautiana na waliomfundisha wito huo.

Pingamizi la pili linasema kwamba kusudi lipo pia kwa wasioamini. Daktari asiyeingia kanisani anakesha na wagonjwa, mama asiye na dini anawalea yatima. Sina haja ya kulibishia. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, aliandika mwaka 1946 kwamba haifai mtu aulize anatarajia nini kwa maisha. Maisha ndiyo yanayomuuliza yeye, naye hujibu kwa wajibu anaoubeba. Hakuwa akihubiri Ukristo, na bado amegusa jambo lilelile: kusudi linakuja kutoka nje ya mtu, kama swali au kama sauti. Mwaka 2014 wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa majibu kutoka nchi 132, ambako watu waliulizwa kama wanaona maisha yao yana kusudi au maana kubwa. Nchi maskini ziliongoza, tajiri zikafuata nyuma, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na dini. Uchambuzi huo haukuwahusu Wakristo peke yao, Waislamu na wengine wamo, wala hauthibitishi kwamba dini fulani ni ya kweli. Unachoonyesha ni kwamba utajiri peke yake haumletei mtu jibu, jambo ambalo mwandishi wa Mhubiri, katikati ya mashamba yake, fedha yake na watumishi wake, alikwisha kulikiri kwa uchungu. Mkristo anaongeza dai moja tu, lakini zito: kwamba sauti inayouliza ina jina, na kwamba inamjua anayeulizwa.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliofunga chakula hadi kufa wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Nao walikuwa na kusudi. Walitumwa, wakatii. Mtu anayesifu wito bila kuitazama Shakahola usoni hana haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo wito lazima upimwe, na Ukristo wenyewe una kipimo chake. Yesu, katika Mathayo 25, anasimulia hukumu ambayo maswali yake yote ni ya chakula, maji, nguo, ugeni, ugonjwa na kifungo cha mtu mwingine. Anayetumwa na Mungu anaelekezwa kwa jirani. Kule msituni watu walitengwa na majirani, watoto wakatolewa shule, wagonjwa wakakatazwa hospitali, na mwenye swali akahesabiwa muasi. Bwana anayekukata na ndugu zako na kukuziba mdomo usiulize amekurudisha Mkunazini, hata kama amekuja na Biblia mkononi.

Limebaki soko moja, nalo limo katika Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja, na anawakuta watu wamesimama. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana hesabu ya saa ni ileile yake: jua limeshainama, wenzao wanajiandaa kurudi nyumbani. Wanapoulizwa mbona wamesimama siku nzima, wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawasemi walikosa ndoto wala kipaji. Hawakuitwa, basi. Wakaitwa, na jioni wakapokea dinari kamili kama wenzao wa alfajiri. Vijana wa namna hiyo ni wengi katika miji yetu, na wako pia wazee waliostaafu, wajane, na waliopooza kitandani ambao hakuna mwajiri atakayewafuata tena. Kanisa linalo jibu kwao, na si la maneno tu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliziweka jumuiya ndogondogo mbele katika mipango yao ya kichungaji miaka ya 1970, na hadi leo ndizo zinazokutana nyumba kwa nyumba na kumjua mtu kwa jina na kwa shida yake.

Kwa hiyo ninyi wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya mnaopanga kongamano lijalo la kusudi, nawaomba muwaandalie kwanza hao wa saa kumi na moja. Wafuateni walipo. Waiteni kwa majina yao, wapeni zamu ya kusoma Neno, ya kuwatembelea wagonjwa, ya kutunza daftari la michango. Na aliyelala kitandani mpelekeeni majina ya watu wa kuwaombea, kisha mrudi kumwambia yaliyotokea.