Kurithi Kazi ya Baba

Wengi mumetuuliza: torero ni mtu gani? Ni mtu wa Hispania mwenye kazi ya kupigana na ng'ombe dume mbele ya watu, kwa kitambaa na upanga, kiisha anamwua. Mmoja aliyejulikana sana ni Manuel Rodríguez, jina la kazi Manolete, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1917.

Baba yake alikuwa torero vilevile, na jina lile lile la Manolete. Alifariki mwaka 1923, akaacha jamaa katika umaskini. Mama Angustias akawa mjane mara ya pili, maana bwana yake wa kwanza naye alikuwa torero. Mama huyu alijua vema uchungu wa kazi ile. Lakini nyumbani madada walikuwapo na feza hapana. Basi mtoto akashika upanga. Mwaka 1939, kule Sevilla, alipewa daraja ya matador. Akapata mali, akalisha jamaa.

Tarehe 28 Agosti 1947, mjini Linares, alisogea karibu sana na dume jina lake Islero juu ya kumwua. Upanga uliingia, pembe nayo ikaingia katika paja lake. Kesho yake alfajiri akafa, miaka 30 tu. Mama akalia tena.

Kwa nini tunaandika haya? Hapa Kabambare wenzetu wanaacha masomo na kufuata baba zao katika mashimo ya zahabu. Hatuwacheki, njaa tunaijua. Manolete naye hakuwa mjinga, alihurumia mama yake. Lakini wewe uliyepata nafasi ya kukaa darasani, usiiache upesi. Na mwenzako aliye shimoni, umuombee.