Jicho Lisilouma Nalo Lipimwe

Kwenye foleni ya macho katika hospitali yoyote ya Bukavu, wengi wamekuja kwa sababu jicho linauma, linawasha au limekuwa jekundu. Wana haki ya kuja. Ila magonjwa mawili yanayoongoza duniani kwa kupofusha watu wazima, mtoto wa jicho na glakoma, kwa kawaida hayaumi hata kidogo. Ndiyo maana wengi wanaotuhitaji zaidi wako nyumbani, wakijiona wazima.

Mtoto wa jicho ana subira. Lenzi iliyo nyuma ya mboni hufanya ukungu mwaka hadi mwaka, na hata muzee aliyechelewa kuja mara nyingi huona tena baada ya upasuaji: lenzi hiyo hutolewa na ya bandia huwekwa mahali pake. Glakoma haisubiri mtu. Kwa hiyo huniogopesha ninaposikia familia ikisema, “Ni mtoto wa jicho tu, tungoje ukomae.” Siku hizi haungojewi ukomae. Tena nani amepima akajua kwamba ni huo?

Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa kupitia vijia vyembamba vilivyo ukingoni. Vijia vikipitisha kwa shida, presha ya jicho hupanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni 1, na uzi uliokufa hauoti tena. Hasara huanzia pembeni. Katikati hubaki safi kwa muda mrefu, mtu akaendelea kusoma Biblia na kuhesabu noti zake vizuri, lakini barabarani pale Essence, hapa Bukavu, haioni pikipiki inayomjia ubavuni. Jicho moja likipungukiwa, la pili hulifunika aibu.

Presha ya jicho huhesabiwa ya kawaida ikiwa kati ya 10 na 21. Hata hivyo wapo wenye 17 ambao mshipa wao unaharibika, kwa hiyo munganga asiishie kwenye namba. Ni lazima auangalie mshipa wenyewe. Presha ya damu iliyopimwa mkononi haituambii ya jicho ikoje. Sisi Waafrika weusi glakoma hutupata zaidi, mapema zaidi na kwa ukali zaidi, na hutembea katika ukoo. Aliyegunduliwa nayo awalete ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa.

Linalonikera kuliko yote ni chupa moja ndogo. Watoto wengi wana mzio wa macho: wanajisugua mchana kutwa, na weupe wa jicho unageuka rangi ya udongo. Mama anakwenda kwenye duka la dawa, anapewa matone yenye deksamethasoni, na baada ya siku chache mtoto ametulia. Muwasho ukirudi, ananunua tena. Dawa hiyo ina kazi yake chini ya uangalizi, lakini ikitumiwa miezi mfululizo inaweza kupandisha presha ya jicho, hata kuleta mtoto wa jicho kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Muwasho ulipiga kelele ukanyamazishwa. Glakoma imeingia bila kubisha hodi.

Miwani ya kusomea inayouzwa kando ya barabara siipigi vita, maana baada ya miaka 40 karibu kila mtu huanza kusogeza simu mbali ili asome. Tatizo ni kwamba shida hiyo ndogo ingekuwa sababu ya kwanza ya mtu mzima kupimwa macho, na muuza miwani haangalii mshipa.

Matone ya glakoma hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki. Wengi huyaacha wakisema hayafanyi kazi, kwa sababu hawaoni tofauti. Mwenye pumu aseme mapema, kwani timololi inaweza kumbana kifua. Latanoprosti huhifadhiwa baridini kabla ya kufunguliwa, kwa hiyo uliza duka linafanyaje umeme ukikatika. Ikishafunguliwa hukaa wiki 6 bila friji, mradi iwe mbali na jua na mbabula.

Kuanzia miaka 40, pima kila mwaka mmoja au miwili, na mapema zaidi kama glakoma iko katika ukoo. Mwenye ugonjwa wa sukari aje kila mwaka. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe aletwe wiki hiyo hiyo, maana inaweza kuwa saratani. Hospitali Kuu ya Rejea ya Mkoa hapa Bukavu ina huduma ya macho. Njoo na chupa zote za matone unazotumia, hata zilizokwisha. Tukikutilia dawa ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi usije ukiendesha pikipiki mwenyewe.