London kwa miguu, sehemu ya pili: Sheria iliyozaa nyimbo

Wiki iliyopita tuliishia ukingoni mwa mto Thames, chini ya Mnara wa London. Leo tunaingia West End, mtaa wa majumba ya maonyesho. Kwa msomaji aliyekosa sehemu ya kwanza: safari hii ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Rafiki yangu, muuguzi aliyekwisha kuzoea baridi ya Uingereza, alikuwa anatimiza miaka hamsini. Karamu hakutaka. Alitaka mtu wa kutembea naye jijini mchana, na usiku twende tukatazame tamthilia za muziki, zile ambazo mhusika akifurahi anaimba, akikasirika anaimba, na akipigwa risasi hafi mpaka amalize ubeti wake wa mwisho.

Tukiwa bado hatujanunua hata tiketi, aliniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala ya leo. "Mwalimu, hawa Waingereza ndani ya basi hawasemi hata na jirani. Imekuwaje jiji lao likajaa majumba ya watu wanaoimba?"

Jibu la haraka ni biashara. Mwaka 2019, kabla ya korona, majumba ya London yalipokea watazamaji zaidi ya milioni 15. Lakini biashara inaeleza kwa nini majumba yanaendelea kuwepo, haielezi nyimbo zilitoka wapi. Zilitoka kwenye sheria. Kwa zaidi ya miaka mia moja dola ya Uingereza iliwakataza wenye majumba wengi kuigiza kwa maneno matupu. Wakaimba.

Tuanzie Covent Garden, uwanja uliochorwa na Inigo Jones katika miaka ya 1630. Kwa karne nyingi hapa palikuwa soko la matunda, mboga na maua, hadi lilipohamishwa mwaka 1974. Siku hizi wachuuzi wameondoka, wamebaki watalii na watu wa mazingaombwe. Hatua chache upande wa mashariki kuna Theatre Royal Drury Lane, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanzia.

Wapuriti, watu wa dini kali, walifunga majumba yote ya maonyesho mwaka 1642. Mfalme Charles II aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660 aliyafungua, ila kwa masharti: hati ya kifalme ya kuigiza walipewa watu wawili tu, Thomas Killigrew na William Davenant. Kikundi cha Killigrew kilifungua jumba la Drury Lane mwaka 1663. Linalosimama leo ni la nne, la mwaka 1812. La tatu liliungua mwaka 1809 ingawa lilikuwa na pazia la chuma la kuzuia moto, na inasimuliwa kwamba mwenye jumba, mbunge na mwandishi wa tamthilia Richard Sheridan, alikaa jirani na hapo akinywa kinywaji chake huku akitazama mali yake ikiteketea. Hati ya Davenant nayo ilirithiwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia John Rich, aliyefungua jumba la Covent Garden mwaka 1732, pale ilipo sasa Royal Opera House.

Rich alipata fedha kutokana na mchezo mmoja. Mwaka 1728 alionyesha The Beggar's Opera ya John Gay. Gay alizichukua tuni ambazo kila mtu mtaani alizijua, akazitia maneno mapya, kisha akawapa waimbe wezi, makahaba na wakuu wa magereza wala rushwa. Watu walifurika. Waliofurika walielewa pia kwamba wezi wale walifanana sana na serikali ya waziri mkuu Robert Walpole. Gay alipoandika mwendelezo wake, Polly, ulipigwa marufuku kabla ya kufika jukwaani. Mwaka 1737 Walpole alipitisha bungeni sheria yenye makali mawili: kwanza, kila tamthilia mpya isomwe na Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya kifalme, kabla ya kuchezwa, pili, tamthilia ya maneno isichezwe kwa malipo ila katika majumba yenye hati ya mfalme.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa kibali cha aina hiyo ni nini. Novemba 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, uliokuwa na nyimbo na uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulinyang'anywa kibali chake, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Watawala wa zama na bara tofauti wanaogopa kitu kilekile: watu wengi gizani wakicheka kwa pamoja.

Sasa fikiri wewe ni mfanyabiashara wa London wa karne ya kumi na nane. Una ukumbi, una waigizaji, hati huna. Kusema kumekatazwa. Kuimba, kucheza ngoma, kupanda farasi na kufanya sarakasi kunaruhusiwa. Utafanya nini? Walichofanya ni kuzigeuza hadithi zote kuwa muziki. Mwaka 1809 Royal Circus, ukumbi wa kusini ya mto uliozoea farasi, ulionyesha Macbeth ya Shakespeare kwa ishara, muziki na beti. Msomi wa fasihi atakunja uso. Watazamaji waliopenda hawakukunja. Vizazi vikapita hivyo, na sheria ya mwaka 1843 ilipovunja ukiritimba wa hati, jiji lilikuwa tayari na wateja ambao kwao mchezo usio na wimbo ulikuwa kama haujakamilika. Kutoka hapo hadi kwa George Edwardes, aliyejaza jumba lake la Gaiety katika miaka ya 1890 kwa vichekesho vya nyimbo, njia ilikuwa wazi.

Tukateremka hadi Strand. Hapo kuna Savoy Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1881 na Richard D'Oyly Carte ili kuonyesha michezo ya nyimbo ya Gilbert na Sullivan. Lilikuwa jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa lote kwa umeme, taa zipatazo 1,200 za Joseph Swan. Watu walikuwa wakiogopa umeme kuliko gesi, basi Carte alipanda jukwaani akiwa na taa inayowaka mkononi, akaipasua mbele ya umati kuonyesha kwamba haiwashi moto. Rafiki yangu alisema huyo angeuza chochote Kariakoo.

Kuhusu kwa nini majumba yamebanana hivi, jibu liko Shaftesbury Avenue. Barabara hii ilifunguliwa mwaka 1886 baada ya kubomoa makazi ya maskini, na viwanja vilivyobaki kando yake vikawahiwa na wajenzi wa majumba ya maonyesho: Lyric mwaka 1888, Palace 1891, Apollo 1901, na mengine mawili kabla ya 1908. Reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly ilipoanza mwaka 1906, mtu wa kitongojini aliweza kutazama onyesho na kulala kwake usiku huohuo.

Fuata barabara hiyo kuelekea kaskazini mashariki utakuta Shaftesbury Theatre ya sasa, jumba nililotaka kuliona kuliko yote. Lilijengwa mwaka 1911 kwa jina la Princes. Februari 1961 lilipokea King Kong, tamthilia ya muziki kutoka Johannesburg, muziki wa Todd Matshikiza, kuhusu bondia Ezekiel Dlamini. Waigizaji kadhaa, wakishaonja mji usio na pasi za makaburu, hawakurudi nyumbani. Miaka saba baadaye, tarehe 27 Septemba 1968, jumba hilohilo lilizindua Hair ya Wamarekani, yenye waigizaji wanaosimama uchi kwa muda mfupi. Tarehe hiyo haikuwa ya bahati. Sheria iliyomnyang'anya Lord Chamberlain kalamu yake ya kukata maneno ilikuwa imeanza kazi jana yake. Kalamu hiyo ilikuwa imedumu miaka 231.

King Kong haikuwa mara ya kwanza kwa watu weusi kuingia West End. Mwaka 1903 Bert Williams na George Walker walileta kutoka New York mchezo wa In Dahomey, uliochezwa na Wamarekani weusi, na mwaka huohuo wakaitwa kuucheza kwenye kasri ya Buckingham. Mwaka 1928 Paul Robeson aliimba katika Show Boat palepale Drury Lane na jiji zima likamsujudia. Mwaka uliofuata mgahawa wa hoteli ya Savoy ulikataa kumpokea kwa sababu ya rangi yake. Robeson huyu, katikati ya miaka ya 1930, alijiandikisha katika chuo ambacho sasa kinaitwa SOAS, akasoma Kiswahili. Nilipomwambia rafiki yangu hilo alisimama katikati ya njia, akasema, "Na sisi watoto wetu hapa tunawasemesha Kiingereza!" Sikumjibu, watoto ni wake.

Usiku wa siku ya kuzaliwa yenyewe tulikwenda Lyceum kutazama The Lion King. Jumba hili lina nguzo nene mlangoni za mwaka 1834. Meneja wake wa biashara katika enzi za mwigizaji Henry Irving alikuwa Bram Stoker, aliyekuja kuandika Dracula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likawa ukumbi wa dansi kwa miongo mingi, likarudia kazi yake ya awali mwaka 1996. Onyesho la simba limekuwa humo tangu Oktoba 1999.

Nilikwenda na shaka. Afrika ya Disney naijua. Lakini mwongozaji Julie Taymor alifanya uamuzi mmoja uliobadilisha kila kitu: hakumficha mwigizaji ndani ya mnyama. Unaona paa watatu na unaona binadamu anayewashika, unaona twiga na unaona mtu aliyeegemea miti mirefu minne, na baada ya dakika mbili akili yako inakubali vyote kwa pamoja. Majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa sisi hatukuhitaji kutafsiriwa. Nyimbo za kwaya, kazi ya Lebo M wa Soweto, nyingi ni za Kizulu na lugha nyingine za kusini. Mwanzoni wanyama wanapita katikati ya watazamaji. Ndovu alipotupita, rafiki yangu akapiga kigelegele.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya adabu. Kwetu kwenye taarab wimbo ukikugusa unainuka, unamwendea mwimbaji na kumtunza noti mbele ya watu. London mtu hutulia kitini hadi wimbo uishe, ndipo anapiga makofi. Bwana aliyekaa mbele yetu aligeuka kutazama king'ora kimetokea wapi. Mwimbaji mmoja wa kwaya, Mwafrika, aligeuka pia, naye alikuwa anacheka.

Wakati wa mapumziko pazia zito la usalama huteremshwa, na watazamaji wanatakiwa walione likishuka. Asili ya ukali huo ni moto wa jumba la Exeter mwaka 1887, ulioua watu 186. Wengi hawalitazami, wamo foleni ya aiskrimu ya vikopo. Kijitabu cha onyesho nacho kinauzwa, tofauti na New York unakopewa bure.

Les Misérables, tuliyoiona usiku mwingine katika jumba la Sondheim, haikunigusa kiasi hicho. Riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862 ni bahari. Tamthilia inaivuka mbio. Wahakiki walipoiona mara ya kwanza Oktoba 1985 wengi waliiponda, wananchi wakanunua tiketi, na bado wananunua. Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na Herbert Kretzmer, mzaliwa wa Afrika Kusini. Toleo la sasa limeacha jukwaa la zamani lililokuwa likizunguka, na nyuma ya waigizaji zinaonyeshwa picha zilizotokana na michoro ya Hugo mwenyewe, ambayo ni ya kutisha na mizuri. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa mno kwa masikio yangu. Rafiki yangu alilia kuanzia tendo la kwanza hadi taa zilipowaka, akaniambia sina moyo.

Kwa anayetaka kwenda: Leicester Square kuna kibanda cha TKTS, kilichoanza mwaka 1980, kinachouza kwa punguzo tiketi ambazo hazijapata wateja. Maonyesho ya mchana, ambayo mara nyingi huanza saa nane na nusu, huwa na nafuu kuliko ya Jumamosi usiku. Kwa The Lion King lipia kiti cha chini karibu na njia, la sivyo ndovu utamsikia tu. Majumba mengi ni ya zama za magari ya farasi, yana nguzo ndani, kwa hiyo tiketi ikiwa rahisi kupita kiasi uliza kwanza kama nguzo iko mbele yako. Na onyesho likiandikwa saa moja na nusu usiku, ni saa moja na nusu. Mchelewaji husimamishwa nje ya mlango mpaka jukwaa lipate nafasi ya kumruhusu, na katika The Lion King atakuwa amekosa zile dakika kumi zilizo bora kuliko zote.

Wiki ijayo tunavuka mto kwenda Southwark.